Bimu Hukatikia Kando ya Nguzo

   

Jioni ya leo nina mazungumzo kuhusu bimu. Naam, bimu: ule mhimili wa zege unaolala kutoka nguzo moja hadi nyingine na kubeba kila kilicho juu yake. Utaikuta juu ya fremu za maduka, utaikuta kwenye ghorofa, kwenye zahanati ya kijiji, kwenye daraja dogo unalovuka kila siku na bodaboda bila kulitazama. Na utaikuta kwenye minara ya matenki ya maji, ambayo nitaisemea sana leo.

Naanza na swali. Fundi anapokuambia, "Mama, bimu hii imara, usiwe na wasiwasi," anajuaje? Na wewe unayelipa, utajuaje? Mara nyingi tunatazama unene wa nondo. Tukiona nondo za milimita 16, tunasema jengo hili halitikisiki. Wasikilizaji wangu, nondo nene za chini ni nusu tu ya habari. Bimu inaweza kuwa na nondo nne za 16, zimelala vizuri kabisa, na bado ikakatika ghafla kwa kukosa vyuma vyembamba ambavyo hakuna aliyevihesabu. Vyuma hivyo mafundi wetu huviita ringi. Ni vile vyuma vya milimita 6 au 8 vinavyokunjwa umbo la mstatili na kuzizunguka nondo ndefu. Nitalitaja jina hilo mara nyingi jioni hii: ringi.

Twende polepole. Bimu iliyobebeshwa mzigo ina namna mbili kubwa za kushindwa. Ya kwanza ni kupinda. Mzigo unakaa katikati, bimu inalegea kama inataka kushuka, na upande wake wa chini unavutwa. Hapo ndipo nondo za chini hufanya kazi. Zikizidiwa, zinaanza kurefuka taratibu, nyufa zinatokea chini katikati ya bimu, zimesimama wima. Bimu inashuka kidogo, mlango ulio chini yake unaanza kukwama, plasta inadondoka. Kwa maneno mengine, jengo linasema. Linakupa nafasi ya kutoa watu, kuondoa mzigo, kusimamisha mirunda.

Namna ya pili ni kukatwa. Hii haitokei katikati, hutokea pembeni, karibu na nguzo au ukuta unaoishikilia bimu. Ufa wake hausimami wima. Unaanzia chini karibu na nguzo na kupanda mshazari kuelekea juu, upande ulipo mzigo. Na kama bimu haina ringi za kutosha, ufa huo hausubiri. Bimu haishuki kwanza, mlango haukwami kwanza. Leo iko, na dakika moja baadaye imekatika.

Narudia kwa faida ya aliyejiunga nasi sasa hivi: kupinda ni katikati, nyufa za wima, na onyo lipo. Kukatwa ni kando ya nguzo, ufa wa mshazari, na onyo ni dogo au halipo kabisa.

Sasa, kwa nini mshazari? Chukua kipande cha godoro la sponji, chora mraba ubavuni kwa kalamu, kisha usukume upande mmoja chini na mwingine juu. Mraba unapotoka. Kona mbili zinasogeleana, kona mbili nyingine zinavutwa mbali. Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya bimu karibu na nguzo: mzigo unasukuma chini, nguzo inasukuma juu. Zege likibanwa linavumilia sana. Likivutwa ni dhaifu. Nguvu yake ya kuvumilia mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kuvumilia kubanwa. Kwa hiyo linapasuka pale lilipovutwa, na kwa kuwa limevutwa kona kwa kona, ufa unakuwa mshazari.

Twendeni sasa kwenye mnara wa tenki. Watu wa Handeni na maji wana historia ndefu. Ule mradi mkuu wa HTM, yaani Handeni Trunk Main, ulijengwa kuchukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni, na bado kila mwenye uwezo ananunua tenki lake, maana maji yakija leo huna hakika ya kesho. Tenki linawekwa juu ili maji yashuke yenyewe. Nguzo nne, bimu juu yake, pengine slabu nyembamba, kisha tenki la lita 5,000.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 5,000 ni tani 5. Tuseme tenki limekalia bimu mbili. Kila bimu inabeba tani mbili na nusu, na kila mwisho wa bimu, pale inapogusa nguzo, unapitisha tani moja na robo kwenda chini. Hiyo ni sawa na mifuko 25 ya saruji. Na hapo bado hatujahesabu uzito wa bimu yenyewe wala wa slabu. Mifuko 25, kila mwisho, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Bimu za mnara wa tenki huwa fupi, pengine mita mbili tu. Watu wengi hudhani fupi maana yake salama. Ni kweli kwamba bimu fupi haipindi sana. Lakini mzigo ukiwa mzito, kadiri bimu inavyokuwa fupi ndivyo hatari inavyohama kutoka katikati kwenda pembeni. Bimu ndefu yenye mzigo wa wastani iogopee kupinda; bimu fupi yenye mzigo mzito iogopee kukatwa. Na ni kwenye bimu hizi fupi ndiko fundi anasema, "Mzee, hii ndogo tu, ringi chache zinatosha." Hapana. Hapa ndipo ringi zinatakiwa zaidi.

Ringi inafanyaje kazi? Ufa wa mshazari ukianza, unajaribu kuitenganisha bimu vipande viwili, kimoja kibaki na nguzo, kingine kishuke na mzigo. Ringi iliyosimama wima inaukata ufa huo njiani. Inashika kipande cha chini na kukining'iniza kwenye kipande cha juu. Wilhelm Ritter wa Zürich alilieleza wazo hili mwaka 1899: zege lililo kati ya nyufa linabanwa kwa mshazari, ringi zinavutwa wima, na vyote vinashirikiana kupeleka mzigo hadi kwenye nguzo, sawasawa na vipande vya kenchi ya paa. Mjerumani Emil Mörsch akaliendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1902, mwaka uleule ambao reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika hapa Korogwe. Wazo hilo ndilo msingi wa hesabu za ringi hadi leo.

Kutokana na hapo utaona kwa nini nafasi kati ya ringi na ringi si jambo la kubahatisha. Ufa wa mshazari unapopanda kutoka chini hadi juu, unasafiri kwa upana karibu sawa na kina cha bimu. Sasa ukiweka ringi kwa nafasi kubwa kuliko kina cha bimu, ufa unaweza kupanda mpaka juu bila kukutana na ringi hata moja. Ringi zipo, fedha umelipa, na hazijafanya kazi. Ndiyo maana kanuni ya Uingereza ya BS 8110, iliyoondolewa kwao mwaka 2010 lakini ambayo wahandisi wetu wengi wamefundishwa kwayo, ilitaka nafasi isizidi robo tatu ya kina, ukipima kutoka juu ya bimu hadi kwenye nondo za chini. Bimu ikiwa na kina cha sentimita 36 kwa kipimo hicho, nafasi isizidi 27. Hicho ni kikomo cha juu tu. Mzigo ukiwa mkubwa, mhandisi atakuambia 15, pengine 10, hasa karibu na nguzo.

Mtu anaweza kuuliza: je, nikiifanya bimu yangu kubwa zaidi, nikaongeza zege, si nitaepuka gharama ya ringi? Swali zuri, na jibu lake liligharimu dunia majengo. Mwezi Agosti 1955, katika ghala la jeshi la anga la Marekani huko Shelby, jimbo la Ohio, sehemu ya paa la zege iliporomoka. Juu ya paa hakukuwa na mzigo wa ziada. Paa lilikuwa limejibeba lenyewe tu. Bimu zake zilikuwa na kina cha sentimita 91 hivi, kubwa kwa macho ya mtu yeyote, na pale zilipokatikia hapakuwa na ringi. Hesabu za wakati ule zilisema zege peke yake lingetosha.

Baadaye Gaspar Kani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Toronto huko Canada, akatengeneza bimu zisizo na ringi za vina mbalimbali, kuanzia sentimita 15 hadi zaidi ya mita moja, akazivunja zote na kuchapisha matokeo mwaka 1967. Akaonyesha kwamba ukiongeza kina mara mbili, nguvu ya kuhimili kukatwa haiongezeki mara mbili. Katika bimu kubwa ufa unafunguka kwa upana zaidi, na kokoto za pande mbili za ufa, ambazo kwa kawaida hukwaruzana na kushikana, zinaachana. Kwa hiyo kila sentimita ya bimu kubwa isiyo na ringi inabeba kidogo kuliko kila sentimita ya bimu ndogo. Ukubwa wa zege haujazi nafasi ya ringi. Narudia: ukubwa wa zege haujazi nafasi ya ringi.

Sasa naingia kwenye kiini cha mazungumzo, nacho ni kutegemeka. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la Kariakoo, na tukawafuatilia waokoaji kwa siku kadhaa wakichimba kuwatafuta ndugu zetu. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na bimu ni sehemu moja tu. Lakini kila baada ya msiba kama huo nchi nzima huuliza swali lilelile: hili langu je, ni salama?

Mhandisi mkweli hakujibu "ndiyo" au "hapana" moja kwa moja. Kwa nini? Kwa sababu kuna vitu viwili ambavyo vyote vinayumba. Kimoja ni mzigo. Kingine ni nguvu ya bimu. Hakuna kati ya hivyo kilicho namba moja iliyosimama.

Tazama mzigo. Wa tenki tunaujua vizuri, maana tenki likijaa limejaa, halijai mara mbili. Lakini ukumbi wa ghorofani je? Siku ya kawaida una viti tu. Siku ya harusi wamejaa watu mia tatu wanaruka kwa pamoja. Daraja dogo je? Asubuhi inapita baiskeli yenye mkungu wa ndizi, jioni linapita lori lililojaza mkonge au mahindi, na dereva kakwepa mizani.

Tazama nguvu. Zege la bimu ya kwanza lilichanganywa asubuhi, mchanga ukiwa mkavu. La bimu ya tatu lilichanganywa baada ya manyunyu, mchanga umeloa, na maji yakaongezwa vilevile kama ya asubuhi. Toroli moja ya kokoto ilijazwa ikawa na kilima, nyingine ikasawazishwa. Saa nane mchana zege likawa gumu kusukuma, mtu akaongeza ndoo ya maji ili lishuke kirahisi. Ndoo hiyo inashusha nguvu. Bimu moja ikamwagiliwa wiki nzima, nyingine ikasahaulika siku ya pili kwa kuwa maji ya bomba hayakutoka. Kwa macho bimu zote zinafanana. Ndani, kila moja ina nguvu yake.

Basi kutegemeka kwa bimu kunapimwa hivi: nguvu yake, pamoja na kuyumba kwake kote, iko mbali kiasi gani na mzigo wake, pamoja na kuyumba kwake kote? Umbali ukiwa mkubwa, ni nadra sana siku ya nguvu ndogo kukutana na siku ya mzigo mkubwa. Umbali ukiwa mdogo, zitakutana. Ndiyo maana mhandisi hatumii mzigo kama ulivyo. Katika BS 8110 uzito wa jengo lenyewe unazidishwa kwa 1.4, na mzigo wa watu na vitu kwa 1.6. Halafu nguvu ya zege na ya chuma inagawanywa, inapunguzwa. Mwenye nyumba akiona anasema, huyu mhandisi anapenda kuniingiza gharama. Ndugu yangu, huo ndio umbali wenyewe unaoununua. Kanuni za Ulaya, kwa jengo la kawaida, zinalenga uwezekano wa kushindwa uwe chini ya moja kwa 10,000 katika miaka 50.

Watafiti wanaotaka kuujua umbali huo kwa undani huiachia kompyuta ipige kura. Inaokota nguvu moja ya zege kati ya zile zinazowezekana, inaokota nafasi moja ya ringi, unene mmoja wa chuma, mzigo mmoja, kisha inauliza: bimu hii imebeba au imekatika? Inaandika jibu, inaokota tena. Inafanya hivyo maelfu kwa maelfu ya mara, mwishoni inahesabu ngapi zilikatika. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kamari kule Monaco, na ilibuniwa Marekani miaka ya 1940 na Stanisław Ulam na John von Neumann.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila fundi alisikie. Ukichukua bimu nyingi ukazivunja kwa kupinda, matokeo yanakuwa karibu na hesabu za vitabuni. Ukichukua bimu zisizo na ringi ukazivunja kwa kukatwa, matokeo yanatawanyika: hii imebeba zaidi ya hesabu, ile imekatika kabla. Kwa nini? Kwa sababu katika kupinda anayeamua ni chuma, na chuma kimetoka kiwandani, nguvu yake haitofautiani sana. Katika kukatwa bila ringi, anayeamua ni zege linalovutwa, na hilo ndilo kiungo kinachoyumba kuliko vyote: mchanga, maji, kokoto, mkono wa aliyechanganya. Ukitia ringi za kutosha, uamuzi unahama kutoka kwa zege kwenda kwa chuma. Kwa hiyo ringi inaongeza nguvu, ndiyo, lakini inafanya na jingine kubwa zaidi: inaifanya nguvu hiyo itabirike. Na bimu yenye ringi za kutosha ikizidiwa, inapasuka taratibu, nyufa nyingi nyembamba, unaziona. Onyo linarudi.

Hayo ndiyo yanayonifanya nisikitike nikiona mtu ameongeza nondo nene chini ili awe na amani, huku ringi amezitawanya sentimita 40 kwa 40. Ameifanya bimu iwe ngumu kupinda. Maana yake, ikizidiwa, haitapinda, itakatwa. Ametumia fedha zaidi na kuliondoa onyo.

Sasa ringi yenyewe ina adui wake: kutu. Fikiria inapokaa. Ringi inazunguka nondo kwa nje, kwa hiyo ndiyo chuma kilicho karibu zaidi na uso wa zege. Unyevu na hewa vikipenya, vinaifikia ringi kwanza. Tena ni nyembamba. Kutu ikila milimita moja kwenye unene wa nondo ya 16, imepungua kidogo. Ikila milimita moja kwenye ringi ya 8, imebaki 7, na hapo karibu robo ya chuma imepotea. Ndiyo maana kuna vile vijipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vya kuinua vyuma visigusane na mbao za chini. Si pambo. Bimu iliyomwagwa bila biskuti, ukibandua mbao unaziona ringi zimechungulia nje. Halafu mtu anazifunika kwa plasta.

Kwamba onyo la bimu inayokatika ni dogo mno, Canada wanajua. Tarehe 30 Septemba 2006, katika mji wa Laval, Québec, daraja la Concorde liliangukia barabara iliyo chini yake. Watu watano walikufa na sita wakajeruhiwa. Lilikuwa limejengwa mwaka 1970. Tume iliyoongozwa na Pierre Marc Johnson ilieleza kilichotokea: slabu nene pale pembeni haikuwa na vyuma vya kuzuia kukatwa, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu hivyo, vyuma vingine viliwekwa mahali pasipo pake, na zege lenyewe lilidhoofika kwa miaka. Kabla halijaanguka, watu walitoa taarifa kwamba vipande vya zege vinadondoka, mkaguzi akafika, na ndani ya saa moja hivi daraja likaanguka. Ufa ulikuwa umekua ndani kwa miaka mingi, mahali jicho lisipofika.

Tumebakiwa na muda mfupi, basi nizungumze na watu watatu.

Kwanza, kamati za ujenzi na za mapokezi katika vijiji na mitaa yetu. Madarasa na zahanati zetu nyingi siku hizi zinajengwa kwa fosi akaunti: halmashauri inaleta fedha, nyinyi mnasimamia, fundi wa hapa hapa anajenga. Ni utaratibu mzuri, na unawapa nyinyi mamlaka. Mmezoea kuhesabu mifuko ya saruji stoo. Siku moja kabla ya zege kumwagwa, nendeni mkahesabu ringi. Chukueni futi kamba na mchoro. Pimeni nafasi kuanzia kwenye nguzo, si kuanzia katikati. Tazameni ncha za kila ringi zimekunjwa kuingia ndani ya zege. Ncha iliyoachwa wazi pembeni itafunguka siku ikivutwa. Zege likishamwagwa hamtaziona tena, na kuzitafuta kunahitaji kifaa maalumu. Mchoro ukiwa haupo, msimwage zege. Mhandisi wa halmashauri yupo, iwe Handeni Mji au Wilaya, Korogwe Mji au Wilaya, na kuulizwa ni sehemu ya kazi yake.

Na mkipokea nondo, pimeni uzito. Vijiji vingi vina mzani wa mahindi. Mita moja ya nondo ya milimita 12 iwe karibu gramu 890. Mita moja ya nondo ya 8 iwe karibu gramu 395. Kwa kuwa mzani wa mahindi hausomi gramu, funga nondo kumi pamoja, pima, halafu gawanya kwa jumla ya mita zake. Upungufu wa robo utauona waziwazi.

Pili, mafundi wa bomba na wa umeme. Ndugu zangu, nawaomba. Ukitaka kupitisha bomba la choo, usitoboe bimu kando ya nguzo. Najua pale ndipo njia inapokuwa fupi. Lakini pale ndipo ufa wa mshazari unapopita, na patasi yako ikikutana na ringi, unaikata bila kujua umekata nini. Mwambie mwenye nyumba bomba litazunguka. Lizunguke.

Tatu, wewe mwenye jengo ambalo limeshasimama. Unaweza kulitathmini? Unaweza kuanza. Simama chini ya kila bimu mchana, na tochi mkononi, utazame pembeni kabla ya kutazama katikati. Ufa mwembamba kama unywele, wa wima, katikati ya bimu, ni wa kawaida kwa zege. Uandikie tarehe kwa penseli mwanzoni na mwishoni, urudi baada ya miezi uone kama umerefuka. Alama za kahawia zilizopangana kwa nafasi sawa chini ya bimu, hizo ni ringi zinazooza. Mhandisi akija, atagonga zege kwa nyundo ya Schmidt kupima ugumu wake, atatafuta ringi kwa kifaa cha kutambua chuma, atapima kina na upana, atakuuliza unahifadhi nini juu. Usimfiche kwamba umegeuza chumba cha kulala kuwa stoo ya saruji.

Lakini ukiona ufa wa mshazari, unaoanzia karibu na nguzo na kupanda juu, hata kama ni mwembamba, usiite mtu wa plasta. Ondoa watu chini yake. Simamisha mirunda miwili au mitatu imara, karibu na ule ufa, si katikati ya bimu. Punguza mzigo ulio juu, kisha mpigie mhandisi. Na kama juu ya bimu hiyo kuna tenki, fungua koki maji yatoke usiku huu huu, hata kama yalikuja jana baada ya wiki mbili za kusubiri.